UZI: Mbwa anayekimbia nawe, alishwe nini, kiasi gani na saa ngapi?

MbioNaMbwa_Kasarani (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za jioni.

Nafungua uzi huu kwa sababu watu ninaokimbia nao huniuliza swali moja tena na tena: "Mbwa wangu ameanza mbio, nimwongezee chakula kiasi gani?" Mara nyingi anayeuliza huwa ameshaongeza. Sufuria ya ugali imekuwa kubwa, mbwa amenenepa, na bado mkifika kwenye mwinuko anabaki nyuma ulimi nje. Kwa maoni yangu mbwa wengi wa hapa Nairobi wanaokimbia na wenyewe hawana njaa. Shida iko kwenye saa ya kula na kwenye kile kilichomo ndani ya bakuli.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo watu hupotea. Kwa makadirio, mbwa akikimbia hutumia kalori moja kwa kila kilo ya uzito wake kwa kila kilomita. Mbwa wa kilo 25 akienda kilomita 6 ametumia kalori 150 hivi. Hayo ni mayai mawili ya kuchemsha. Ukipenda unga, ni gramu 40 na kitu za unga mkavu, yaani konzi moja. Sasa linganisha na ile sahani ya pili ya ugali unayomwekea kila jioni kwa sababu "amefanya kazi".

Kujua mahitaji yake ya siku nzima unahitaji simu tu. Chukua uzito wake kwa kilo, uuzidishe mara tatu (25 × 25 × 25), tafuta kipeuo cha pili, halafu kipeuo cha pili cha jibu hilo, kisha zidisha kwa 70. Kwa kilo 25 utapata 783 hivi. Hizo ni kalori za mwili uliopumzika. Mbwa mzima aliyehasiwa na anayeishi maisha ya kawaida, zidisha kwa 1.6, utafika kama 1,250. Asiyehasiwa, zidisha kwa 1.8. Siku ya mbio ongeza zile 150, na hapo umemaliza.

Watu husoma kuhusu mbwa wanaovuta sleji kule Alaska, wale wa mashindano ya Iditarod, ambao huweza kula kalori 10,000 kwa siku. Ni kweli. Lakini wale wanakwenda kama kilomita 1,600 kwenye theluji, siku baada ya siku, na mwili unapigana na baridi kali. Mbwa wako anakimbia msitu wa Karura Jumamosi na Jumanne jioni anazunguka mtaa. Wale tujifunze kwao jambo moja tu: injini ya mbwa kwenye safari ndefu huunguza mafuta zaidi ya wanga. Sisi wakimbiaji tunakula wali na ugali usiku wa kuamkia mbio, tukidhani mbwa naye atafaidika vivyo hivyo. Mbwa wa mbio ndefu hufaidika zaidi na nyama yenye mafuta kiasi kuliko na mlima wa ugali.

Pili, saa ya kula. Hapa naomba msome polepole kwa sababu ndipo mbwa hufa.

Mbwa asikimbie akiwa ameshiba. Mimi huacha muda wa saa nne au zaidi kati ya mlo kamili na mbio. Kwa sisi tunaotoka alfajiri ni rahisi: mbwa hula jioni, analala, tunakimbia saa kumi na mbili asubuhi akiwa na tumbo tupu, halafu anakula tukisharudi na pumzi ikishatulia, kama saa nzima baadaye. Tumbo tupu halimdhuru mbwa mzima mwenye afya. Halishwi chochote kabla, hata mkate.

Shida ya nyumba za Nairobi ni kwamba mbwa ana walishaji wengi. Mlinzi wa usiku anamgawia sehemu ya chakula chake, dada wa nyumbani anamtupia mabaki ya jana akiwasha jiko, na wewe unashuka na viatu vya mbio ukiamini mbwa hajala. Zungumza nao. Si kwa ukali, waeleze sababu. Kwetu tumebandika karatasi jikoni: aliyemlisha anaandika saa na alichompa. Mlinzi wetu ndiye mwangalifu kuliko sote.

Naomba michango. Anayelisha kwa kupika aseme anapikaje, anayetumia chakula kikavu cha dukani naye aseme.

---

MamaChui_Buruburu

Asante kaka kwa uzi huu. Chui wangu ni mbwa koko wa kilo 18, miguu mirefu, mbio anazipenda kuliko mimi. Mimi hupika unga wa mbwa wa agroveti na omena, na jioni mabaki ya mezani. Nina maswali mawili. Kwanza, omena inatosha au lazima nyama? Pili, huyu Chui siku hizi anachoka mapema. Zamani tulimaliza mzunguko mzima wa mtaa hadi Jogoo Road na kurudi, sasa nusu ya njia anakaa chini. Nimemwongezea ugali lakini hakuna tofauti. Au nimwongezee tena?

---

MbioNaMbwa_Kasarani

Mama Chui, shikamoo. Kwa omena uko pazuri sana. Omena kavu ni protini tupu, na kwa kuwa inaliwa nzima na mifupa yake midogo, inaleta kalsiamu ambayo nyama ya kawaida haina. Ioshe vizuri utoe mchanga, iloweke, umwage yale maji kama ina chumvi, kisha ichemshe. Nyama si lazima kila siku. Changanya wiki nzima: omena, mayai, matumbo, mapafu, vichwa vya kuku vilivyosagwa.

Kuhusu kuchoka, tafadhali usiongeze ugali. Mbwa anayechoka ghafla, na zamani hakuwa hivyo, si habari ya chakula hadi mengine yachunguzwe. Nadhani daktari wetu wa humu atapita.

---

Daktari_Mifugo

Nimefika. Mama Chui, fanya hivi leo hii: inua mdomo wa juu wa Chui utazame ufizi. Unatakiwa uwe wa waridi. Bonyeza kwa kidole, uachie. Pale palipokuwa peupe parudi rangi ndani ya sekunde mbili. Ukiona ufizi mweupe au wa manjano, au mkojo wa rangi ya chai, au mwili una joto na hataki kula, mlete kwa daktari siku hiyo hiyo. Homa ya kupe ni ya kawaida mno hapa Nairobi. Babesia huingia kwenye seli nyekundu za damu na kuzivunja, na mbwa asiye na seli za kutosha hawezi kukimbia kwa sababu oksijeni haifiki kwenye misuli. Mwenye mbwa huona uvivu, akadhani ni njaa.

Jambo la pili linalofanana na hilo liko kwenye hayo "mabaki ya mezani". Mchuzi wa Mkenya una kitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu, viwe vibichi, vilivyopikwa au vya unga, huharibu hizo hizo seli nyekundu za mbwa. Kipande kimoja hakitamwangusha, ila bakuli la mchuzi kila jioni linajumlika. Kwa mbwa wa kukaa tu kibarazani huenda usigundue mapema. Kwa mbwa wa mbio, dalili ya kwanza itakuwa ni hiyo unayoieleza. Kwa hiyo mabaki yenye mchuzi yakome leo, ukisubiri kipimo cha damu.

Na tafadhali, kama anachechemea au anaumwa baada ya mbio usimpe Brufen wala Diclofenac ya nyumbani. Tumbo na figo za mbwa haziwezi dawa hizo kama zetu.

---

Kijana_wa_Ruaka

Mimi nina Labrador, kilo 34, amehasiwa. Tunakimbia Karura kwa kamba ya kiunoni. Nimefanya ile hesabu, nikapata kama 1,580 kwa siku. Lakini hata nikimpa hizo zote bado ananitazama kama sijampa kitu tangu jana. Anakula hadi magunzi ya mahindi ya kuchoma barabarani. Nitajuaje kama kweli ana njaa?

---

MbioNaMbwa_Kasarani

Usimtazame macho, mshike mbavu. Pitisha vidole ubavuni bila kukandamiza. Mbavu zihisike kama unavyohisi vifundo vya mgongo wa mkono wako ukiunyoosha. Ukitafuta mbavu huzipati, amezidi. Zikionekana kwa macho zote na nyonga zimechongoka, amepungua. Msimamie kwa juu: lazima uone kiuno kikiingia ndani baada ya mbavu. Mbwa wa mbio anatakiwa awe upande wa wembamba, maana kila kilo ya ziada magoti na nyonga zinaibeba hatua kwa hatua.

Na kama kilo 34 ni za unene, hesabu isifanywe kwa 34. Ifanye kwa uzito anaotakiwa kuwa nao. Tuseme ni 30: hapo inashuka hadi 1,435 hivi.

---

Daktari_Mifugo

Kwa Labrador kuna la ziada. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kuwa karibu robo ya Labrador wana kasoro kwenye jeni iitwayo POMC, na wale walio nayo huwa wazito zaidi na huhangaikia chakula zaidi. Kwa hiyo macho yale yanaweza kuwa ya dhati kabisa, na bado asiongezwe. Mjazie bakuli kwa vitu vyenye ujazo na kalori chache: malenge ya kuchemsha, karoti, maharagwe machanga ya kijani yenye maganda, sukuma wiki kidogo.

Gunzi lichukulie kwa uzito. Halimeng'enywi. Linakwama kwenye utumbo na tunalitoa kwa upasuaji. Barabara za Nairobi zimejaa magunzi, hasa karibu na wachoma mahindi, kwa hiyo mfundishe neno "acha" kabla ya kumfundisha mwendo. Ukipita maeneo hayo mpunguzie kamba.

---

Mzee_wa_Ngong

Vijana, hamjambo. Mimi nimefuga mbwa tangu enzi ambazo hakukuwa na hesabu za kalori. Mbwa wangu wanapanda Ngong Hills nami hadi leo, na wanakula mapafu mabichi na mifupa kutoka kwa mchinjaji. Manyoya yanang'aa, meno meupe. Mbwa ni mnyama wa nyama. Huu ugali ndio mnaowaharibia, na hivyo vikavu vya dukani sijui vimetoka wapi. Daktari, nirekebishe.

---

Daktari_Mifugo

Mzee, shikamoo. Nakuheshimu, na manyoya hayo yanang'aa kwa sababu ya protini na mafuta, hapo hatugombani. Nitakuomba ubadilishe jambo moja tu, mapafu na maini yachemshwe hadi yaive kote.

Kuna tegu mdogo aitwaye Echinococcus. Ng'ombe, mbuzi na kondoo hubeba vifuko vyake kwenye mapafu na maini, vile vijifuko vya maji ambavyo mchinjaji huvikata na kuvitupa. Mbwa akila kibichi, tegu hukua tumboni mwake bila mbwa kuonyesha dalili yoyote, na mayai hutoka na kinyesi. Mtoto anamshika mbwa, anakula bila kunawa, na baada ya miaka anakuja hospitali na uvimbe kwenye ini au pafu. Turkana ilijulikana duniani kwa ugonjwa huu. Kuchemsha kunaumaliza. Dawa ya minyoo yenye prazikwanteli nayo ipewe kwa ratiba, na hapo wewe na wajukuu mko salama.

Kuhusu ugali, Mzee, mbwa si mbwa mwitu. Mwaka 2013 watafiti wa Uppsala, Sweden, walichapisha kwenye jarida la Nature kuwa mbwa wana nakala nyingi za jeni la kimeng'enya cha kuvunja wanga kuliko mbwa mwitu. Wameishi na wakulima muda mrefu hadi miili yao ikazoea. Ugali ulioiva unameng'enywa vizuri. Kosa ni ugali kuwa ndio chakula chote.

---

Mzee_wa_Ngong

Marahaba, daktari. Ya mapafu nimeyachukua, nitachemsha. Ila mfupa mbichi sikuachii. Mfupa wa goti la ng'ombe mbwa anautafuna siku nzima na hana shida.

---

Daktari_Mifugo

Basi tukubaliane hivi, Mzee: mfupa uliopikwa hapana kabisa, wa kuku, wa mbuzi, wa nyama choma, wowote. Ukishapikwa unapasuka vipande vyenye ncha na vinatoboa utumbo. Huo mbichi mkubwa una hatari ndogo kuliko huo, ingawa naona meno yaliyovunjika kwa ajili yake. Mwangalie akiutafuna na umnyang'anye ukibaki mdogo wa kumezeka.

---

Rottweiler_Rongai

Mwanzisha uzi amesema mbwa asikimbie akiwa ameshiba, nami nauliza kuhusu tumbo kuvimba. Rafiki yangu alipoteza German Shepherd usiku mmoja tu. Alikula, akacheza na watoto, tumbo likavimba, alfajiri hakuwepo. Je, ni kukimbia kulikomuua? Na nimeambiwa bakuli lililoinuliwa juu linazuia.

---

Daktari_Mifugo

Pole sana kwa rafiki yako. Hilo ni tumbo kujaa hewa kisha kujipinda. Likishapinda, hewa haitoki juu wala chini, mishipa ya damu inabanwa, na mbwa anaweza kufa ndani ya saa chache. Hakuna dawa ya nyumbani. Ni kukimbilia hospitali, kutoa hewa na kupasua ili kulirudisha.

Dalili muhimu kuliko zote ni kujaribu kutapika bila chochote kutoka, au kutoka povu tu. Pamoja na hiyo: mate mengi, kutotulia, kuinuka na kulala tena, kuutazama ubavu, tumbo gumu kama ngoma. Ukiona hivyo usingoje asubuhi, na kabla hayajatokea ujue ni hospitali gani ya wanyama iliyo wazi usiku upande wako. Tafuta namba leo, uihifadhi kwenye simu.

Chanzo hakiko kimoja. Wanaoshikwa zaidi ni mbwa wakubwa wenye kifua kirefu cha kwenda chini: Great Dane, German Shepherd, Weimaraner, Doberman, na hata Rottweiler wako yumo. Umri mkubwa huongeza, ukoo huongeza, kula mlo mmoja mkubwa kwa siku huongeza, na kula kwa pupa huongeza. Kuhusu mbio baada ya kula, tafiti hazijakubaliana sawasawa. Mimi bado nakataza, kwa sababu kusubiri hakumgharimu mtu kitu na upasuaji wa tumbo nimeufanya. Gawa chakula chake mara mbili au tatu kwa siku. Akila kwa pupa, msambazie kwenye trei pana au weka jiwe kubwa safi katikati ya bakuli, kubwa asiloweza kulimeza.

Bakuli la kuinuliwa literemshe. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, wa mwaka 2000, ulikuta mbwa wakubwa waliolishwa kwa bakuli lililoinuliwa walikuwa kwenye hatari zaidi, si pungufu.

---

MamaChui_Buruburu

Daktari, nimerudi. Ufizi ulikuwa mweupe kama karatasi. Tulikwenda kliniki jana jioni, damu ikapimwa, ni homa ya kupe kweli. Amedungwa sindano na leo amekula omena yote. Mungu akubariki. Mabaki ya mchuzi nimeyakomesha, hata watoto nimewaambia.

Sasa naomba la unga. Ule unga wa mbwa niliokuwa nao, niliununua kwenye duka fulani kwa bei ya chini, nikaufungua ukawa na harufu ya uvundo na madonge ya kijani. Muuzaji aliniambia mbwa hula chochote, nikipika sana itaisha.

---

Daktari_Mifugo

Afadhali umewahi. Mpumzishe na mbio kabisa hadi damu irudi, nitakuomba umpime tena kabla ya kumtoa nje kwa kukimbia. Kutembea polepole kunatosha kwa sasa.

Unga huo utupe, na usiwape kuku wala mtu. Ukungu wa mahindi hutoa sumukuvu, na sumukuvu haiishi kwa kupika hata ukichemsha kutwa. Wakenya tunaijua: mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na jirani zake watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika nayo upesi. Huanza kukataa chakula, kutapika, kulegea, kisha macho na ufizi kuwa manjano, maana ini limeharibika. Marekani, mwishoni mwa 2020 na mwanzo wa 2021, zaidi ya mbwa mia moja walikufa kwa chakula kikavu cha dukani chenye sumukuvu, kwa hiyo mfuko wenye picha nzuri nao si kinga. Mahindi yaliyooza huuzwa kama "ya mbwa" kwa sababu binadamu ameyakataa. Kama wewe huwezi kuula unga huo, mbwa naye asiule. Nunua kidogo kidogo, weka pakavu kwenye chombo chenye mfuniko, hasa msimu wa mvua.

---

MbioNaMbwa_Kasarani

Hili la unga "wa mbwa" linaniuma miaka yote. Mbwa analinda nyumba usiku, anatukimbiza asubuhi, halafu tunamnunulia kilichokataliwa. Mimi nilihama kabisa, nanunua unga ule ule tunaokula nyumbani, ila kwa kipimo kidogo.

Aliyeuliza mapishi kwenye ujumbe wa faragha, naweka hapa wote waone. Kwa mbwa wangu wa kilo 25, kwa siku nzima: gramu 120 za unga mkavu, na gramu 400 za nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta mengi sana, ipimwe mbichi. Hapo uko karibu na zile kalori 1,250. Nyama nachemsha kwanza, supu yake ndiyo nasongea ugali, bila chumvi wala kitunguu. Karoti au sukuma wiki iliyokatwa ndogo inaingia mwishoni. Bei ikipanda nusu ya nyama inakuwa mapafu na matumbo. Nagawa mara mbili: sehemu kubwa jioni, ndogo asubuhi baada ya mbio. Siku ya mbio ndefu naongeza mayai mawili, na ndio maana nimeyataja pale juu.

Mafuta ukitaka kuyaongeza, ongeza polepole kwa majuma. Mbwa aliyezoea ugali ukimpa ghafla mafuta ya nyama choma ya Jumapili, kongosho linaweza kuwaka.

---

Daktari_Mifugo

Mapishi mazuri, ila yana pengo la kalsiamu. Nyama na unga vina fosforasi nyingi na kalsiamu karibu hakuna, na mwili ukikosa huichota kwenye mifupa. Osha maganda ya mayai, yakaushe kwenye oveni au sufuria kavu, yasage yawe laini kabisa kama poda. Nusu kijiko cha chai kilichojaa vizuri kwa siku kinamfaa mbwa wa ukubwa huo. Siku za omena nzima, punguza. Bado madini kama zinki na ayodini na vitamini E vitapungua kwa mlo huu wa kudumu, kwa hiyo mtafutie unga wa vitamini wa mbwa kwa daktari wako.

Wenye watoto wa mbwa, hasa wa aina kubwa, msiwape hiyo poda kwa kukisia. Kalsiamu ikizidi kwa mbwa anayekua, mifupa inapinda. Na msikimbie nao masafa bado. Mifupa ya mbwa wakubwa hufunga kati ya miezi 12 na 18. Kabla ya hapo acha wacheze wenyewe kwenye nyasi, wachoke wenyewe, walale.

---

Kijana_wa_Ruaka

Na maji? Mimi hubeba ile soda ya wanamichezo, namgawia nusu.

---

MbioNaMbwa_Kasarani

Mpe maji matupu. Sisi tunatoka jasho la chumvi mwili mzima, mbwa hupoza mwili kwa kutweta na jasho lake ni la nyayoni tu, kidogo. Hana chumvi ya kurudisha, na sukari hiyo haimsaidii. Beba chupa na bakuli la kukunja, mpe mafunda machache kila baada ya kilomita mbili hivi, Januari na Februari hata mapema zaidi. Mkirudi usimwekee ndoo nzima aimalize kwa pupa. Mpe kidogo, apumue, kisha kingine. Mito yetu usimruhusu kunywa, hata ile inayoonekana safi msituni, maana maji taka yanaingia huko juu.

Na ukibeba vitafunwa vyako mfukoni, angalia. Zabibu kavu, chokoleti, na makadamia ambazo siku hizi kila duka la hapa linauza, zote ni sumu kwa mbwa. Siagi ya karanga ni sawa ikiwa haina zailitoli (kitamu cha kuwekwa badala ya sukari), soma maandishi ya kopo. Pia bigijii zisizo na sukari, zailitoli hiyo hiyo inashusha sukari ya damu ya mbwa upesi.

---

Rottweiler_Rongai

Swali la mwisho kutoka kwangu. Sina mizani ya mbwa. Hizi kilo mnazipataje?

---

MbioNaMbwa_Kasarani

Panda mizani ya bafuni ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, toa. Kama ni mzito wa kubebwa, kliniki nyingi zina mizani ya sakafuni. Pita naye, uwaombe kwa adabu, hata bila miadi hawakatai. Mpime mwanzoni mwa kila mwezi na uandike kwenye karatasi ile ile ya jikoni, kando ya saa za kula.